Mtaa Uliopakwa Kijani

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio karibu, na aliye jikoni apunguze moto kidogo, maana leo tunamkumbuka binti mmoja wa magazeti. Wenzake walimwita Jedwali. Amezikwa wiki hii. Kipindupindu kimemchukua, na mama yake mzazi hata kukaa kitako hawezi bila kushikiliwa.

Jedwali alikuwa mwandishi wa takwimu. Twende taratibu. Waandishi wengine walitoka na kalamu kumtafuta mtu aseme. Yeye alikaa kwenye kona ya chumba cha habari, chini ya feni iliyolia kwii-kwii, akakusanya hesabu za zahanati na za shule, akazipanga kwenye kompyuta mpaka hesabu zenyewe ziseme. Mwanzoni walimcheka. Mhariri, mzee wa miwani ya kamba, alikuwa akipita na kikombe chake cha chai anamchokoza: "Jedwali, habari imeiva au bado unajumlisha?"

"Bado, mzee. Ila ya kwako ya jana iliungua."

Chumba kizima kicheko.

Kisha akatoa ile habari ya wodi za wazazi: wapi kuna vitanda, wapi kina mama wanalala chini. Gazeti likagombaniwa. Tangu hapo mambo yakageuka. Meza yake ikahamishiwa dirishani, akaongezewa wenzake, na mhariri yuleyule akawa wa kubembeleza: "Mwanangu, nichoree na mimi ile ya rangi rangi." Kila habari sasa ilitaka ramani.

Ndipo kipindupindu kikaingia mjini. Jedwali akachora ramani ya mitaa. Nyekundu, wagonjwa wengi. Njano, wachache. Kijani, hakuna mgonjwa. Watu wakaishika ramani ile kama dawa. Magari ya maji safi yakaifuata, yakaenda kwenye nyekundu tu. Dada yake mkubwa, aliyekaa kwenye nyekundu, akampigia simu.

"Mdogo wangu, niwapeleke watoto kwa shangazi bondeni?"

Jedwali akatazama. Bondeni kijani kitupu. "Wapeleke, dada. Tena leo."

Wasikilizaji wapendwa, bondeni watu walikuwa wanakwisha. Zahanati ya bondeni haikutuma takwimu. Muuguzi wake mwenyewe alikuwa ameanguka, mlango umefungwa. Pale palipotakiwa hesabu palibaki patupu, kompyuta ikapahesabu kuwa sifuri, na sifuri ikapakwa kijani. Narudia, maana hapa ndipo msiba ulipoanzia: zahanati haikutuma takwimu, mtaa ukapakwa kijani.

Alijulishwa na shangazi yake, kwa simu iliyokatika-katika. "Mtoto anaharisha maji matupu. Kila nyumba hapa ina mgonjwa."

"Shangazi, huko si ni kijani?"

"Kijani gani, mwanangu? Njoo uone."

Akakimbilia kwa mhariri. "Mzee, ishushe ramani." Mhariri akataka wathibitishe kwanza. "Nithibitishe nini tena? Mtoto wetu anakufa!" Ikashushwa. Masahihisho yakatoka. Lakini picha ya ramani ilikuwa imeshatangulia, simu hadi simu, na watu wakazidi kushuka bondeni na magodoro vichwani.

Alipofika kwa shangazi, mtoto wa dada yake, binti mdogo aliyependa kulala amemshika sikio mama yake, alikuwa ameshafunikwa shuka.

Hakurudi kazini. Alisimama njiani, pale barabara inapoanza kuteremka, anawazuia wanaokuja. "Rudini! Huku kuna ugonjwa!" Mama mmoja, mtoto mgongoni, akamtolea simu. "Wewe nani ubishane na ramani? Soma. Aliyechora jina lake hili hapa."

"Ni mimi! Ni jina langu, mama. Nilikosea."

"Mwendawazimu huyu," yule mama akasema, akampita.

Walimpita wengi. Jioni akawa anawasaidia wagonjwa kunywa, anafua mashuka, maji yakiwa ni yaleyale ya bondeni. Magari ya maji safi yalipofika, naye alikuwa tayari kitandani, macho yameingia ndani.

Dada yake ametuambia haya akiwa ameketi msibani: "Mimi sina kinyongo naye. Nilimwambia hivyo, nikamshika mkono. Akageukia ukutani."

Mama mzazi, dada, shangazi, poleni sana. Na nyie wa chumba cha habari, poleni. Nanyi vijana mnaojifunza kazi hii ya takwimu, ambayo sasa kila gazeti linaitaka, tunawasihi: palipo patupu paacheni peupe, muandike kwamba hamjui. Nasi tunaosoma, tukiona mahali pametulia, tuulize kwanza kama kuna aliyeulizwa.

Ile picha bado inazunguka. Juzi imemfikia mama yake mzazi, imeandikwa chini, "Hamieni bondeni, kuko salama." Ikikufikia, usimtumie mtu. Ifute, mwanangu. Ifute sasa hivi, kabla hujazima redio.