Madalena na Miguu ya Jeronimo

Wasikilizaji wapendwa, mimi Bi Somoe najua habari za vitamini B kuliko mtu yeyote katika Mtwara hii. Alinifundisha juzi nesi Yustina. Alinitajia nane. Mpaka nafika hapa studio zimebaki tatu, na mojawapo nina wasiwasi nayo.

Leo tunamkumbuka Madalena wa Likombe, aliyetutoka mwezi uliopita. Narudia jina kwa waliochelewa kuwasha redio: Madalena wa Likombe, mke wa Jeronimo mkwezi wa minazi. Alivuka Ruvuma mgongoni kwa mama yake, wakati ng'ambo kuna vita. Akakulia huku, akaolewa huku, na huku ndiko tulikomzika.

Ukimwambia kijana wa sasa kwamba zamani tuliamshwa na michi, anakuona unaongopa. Mchi wa Madalena niliujua kwa sauti. Ulikuwa mwepesi, hauna pupa. Alikoboa mahindi, akayaloweka, akayaosha, akayatwanga, akachekecha mpaka unga ukawa mweupe kama kanzu ya Idi. Pumba kwa kuku. Maji, nje. Ndivyo tulivyofundwa, wasikilizaji. Mume anayeheshimiwa anakula ugali mweupe. Ukimwekea dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, mashoga zako wanajua ndoa imechoka.

Na Jeronimo aliheshimiwa hasa. Alikula ugali huo, akashushia uraka, ile pombe yetu ya mabibo, matunda ya mkorosho. Msimu wa mabibo ukikolea, shemeji yangu huyu alisahau kula, akabaki anashushia tu.

Miaka michache iliyopita miguu ikaanza kumwaka moto. Nyayo zinachoma, vidole vina ganzi, ndala inavuka mguuni hana habari. Na huyu ni mkwezi, wasikilizaji. Mkwezi asiyesikia vidole vyake, mnazi utamrudisha chini bila kumuaga.

Hakwenda hospitali. Alisema ametegewa. Kwamba jirani yake, Mzee Sudi, amefukia dawa njiani. Basi Jeronimo akatoboa ua wake upande wa pili, akawa anapita tunduni kama kuku, ili asiikanyage njia ya Sudi. Miguu ikaendelea kuwaka. Salamu zikakatika kati ya watu waliokula sahani moja tangu ujana.

Binti yao, Claudia, anakumbuka: "Baba alikuwa analala na miguu kwenye beseni la maji. Siku alipoteleza mnazini, mama akasema basi. Akamwambia, 'Baba Claudia, twende hospitali, au nikanunue kaniki ya kufiwa kabisa, nisije nikahangaika mwisho.'"

Wakaenda. Wakapima hiki na kile. Kisha Yustina akauliza nyumbani wanakula nini. Madalena akajibu kwa fahari: ugali mweupe, ule wa kuosha mara kadhaa.

"Mama," Yustina akasema, "vitamini B1 ipo kwenye zile pumba unazowapa kuku. Mishipa ya fahamu inaitegemea. Nyingine inayeyuka, unaimwaga na maji. Mwili hauna ghala lake la kuiweka muda mrefu. Na kidogo kinachobaki, mzee anakimaliza kwa pombe."

Madalena akasema, "Kumbe mchawi ni mimi."

"Nilisema yuko karibu," Jeronimo akajibu.

"Usicheke, mzee," Yustina akamwambia. "Wewe ndiye msaidizi wake."

Dawa alipewa huko huko, sindano na vidonge. Lakini chakula kilikuwa kazi ya Madalena. Ikawa dona. Ikawa kunde, karanga, samaki, yai likipatikana. Mchicha ukapikwa na maji yake, hakuna kumwaga. Uraka akaufungia mlango. Mashoga tulimcheka. Nikamuuliza, "Shoga, nguvu za kutwanga zimekwisha?"

"Ninazo," akasema. "Nimezihamishia kwenye miguu ya mume wangu."

Kisha akafunika sahani ya ugali wa dona, akaenda kwa Mzee Sudi kuomba radhi. Sudi akafunua, akatazama. "Mmeniita mchawi mwaka mzima, leo mnaniletea chakula cha kuku?" Akakila chote, akaomba aongezewe mchuzi.

Ganzi iliondoka polepole, kwa kununa. Lakini iliondoka. Siku Jeronimo alipopanda tena mnazi, Madalena alisimama chini, mikono kiunoni, akimkaripia mpaka alipogusa mchanga. Sauti ile ninaitamani mpaka leo.

Wasikilizaji wapendwa, si kila ganzi ni vitamini. Kuna kisukari, kuna mengine. Nendeni mkapimwe kabla hamjatoboa ua. Na jioni ya leo, ukiosha mchele kwa mara ya nne, simama kidogo ufikirie unamwaga nini, na ni nani ulikuwa ukimtakia mema kwa kumwaga hivyo.

Kwako shemeji Jeronimo, kwako Claudia, na kwa ukoo wote wa hapa na wa ng'ambo, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema mwenzetu.

Jana nilipita kwao Likombe na kinasa sauti changu. Jeronimo na Claudia walikuwa wamekaa barazani. Nikamuuliza shemeji, sasa mwenyewe hayupo, unakula nini?

"Kama alivyoniachia," akasema, mdomo umegusa kinasa sauti. "Dona. Kila siku. Hata asubuhi hii nimejisongea mwenyewe."

Claudia akamgeukia. "Dona ipi, baba? Kiroba cha mwisho alichosaga na kukishona mama hakijafunguliwa. Uzi wake wa bluu haujaguswa. Nimekiona sasa hivi."

Jeronimo akaangalia nyayo zake.

"Nilikosa kisu cha kukatia," akasema.

"Kipo kiunoni kwako, baba."