Namba Chini ya Siti

BIBI SAUMU: Kitendawili!

HAMDANI: Haloo? Haloo, ni nani?

BIBI SAUMU: Kwani unabipiwa na wake wangapi wewe? Mkeo wa Ujiji huyu. Kitendawili!

HAMDANI: Shikamoo, Bibi. Vocha yangu hii haina—

BIBI SAUMU: Marahaba, mume wangu. Sema tega.

HAMDANI: Haya, tega!

BIBI SAUMU: Alikwenda vitani bila bunduki, karudi bila kidonda, leo kuku wanamnyea mgongoni.

HAMDANI: Baiskeli ya Babu! Kuku tena, Bibi? Hiyo ni ya jeshi la Mwingereza! Nimekusanya saba hapa Dar, hakuna yenye historia kama hiyo. Selestini kafika na lori?

BIBI SAUMU: Kafika. Kashusha mahindi ya wakimbizi kambini, lori tupu liko mlangoni. Yeye anafakamia ugali wangu.

HAMDANI: Aifunge vizuri, maonyesho yangu ya baiskeli ni Jumamosi. Ila kwanza nisomee namba, iko chini ya siti.

BIBI SAUMU: Macho kaniazima nani? Stephania! (...) Ni yule mama aliyevuka ziwa kutoka Uvira, nimempa chumba cha Babu yako. Soma hapa, mwanangu. Futa hayo mawese kwanza.

HAMDANI: Mawese?!

BIBI SAUMU: Miaka yote naipaka mawese. Kutu utaisikia kwa jirani. Zako saba unazipaka nini, poda?

STEPHANIA: Jambo, kaka. Nne, nne, moja, saba. Na kamshale kadogo.

HAMDANI: Mshale wa jeshi! Yenyewe! Ngojeni, nina orodha ya jeshi hapa, nimeinakili kwa mkono...

(Karatasi zinapekuliwa. Simu inakwaruza.)

BIBI SAUMU: Umekufa?

HAMDANI: Bibi... Babu si alikuwa tarishi? Anapeleka barua za makamanda, risasi zinampita masikioni?

BIBI SAUMU: Ndivyo alivyosimulia kila Idi. Na kila Idi risasi zinaongezeka.

HAMDANI: Hapa wameandika 4417 ilipotea Tabora. Jikoni. Pamoja na mpishi.

BIBI SAUMU: Selestini, ongeza mchuzi, baba!

HAMDANI: Bibi! Kibao nimeshachonga, "Tarishi Shujaa". Babu aliipataje?

BIBI SAUMU: Haloo? Mtandao huu jamani—

HAMDANI: Nakusikia vizuri! Aliipataje?

BIBI SAUMU: Dagaa wangu wanaungua.

HAMDANI: Si huwa unawaanika juani? Wataunguaje? Bibi, imebaki dakika moja. Nikisema uongo mbele ya watu nimekwisha. Basi, mwambie Selestini aiache, arudi mtupu.

BIBI SAUMU: Aiache? Na yule mzee aliyekuwa anaing'arisha kuliko viatu vyake?

HAMDANI: Aiache.



BIBI SAUMU: Mimi nilishaposwa na Musa wa Ilagala. Mwenye mitumbwi mitatu. Mahari imepokewa, pilau la harusi ya Ijumaa limeshapangwa.

HAMDANI: Musa gani tena? Nimeuliza bai—

BIBI SAUMU: Sikiliza! Barua yangu ikamkuta babu yako Tabora, anakoroga maharage ya askari. Ruhusa kanyimwa. Kwenye treni wangemkamata. Nje ya jiko kuna baiskeli ya kamanda, haina mwenyewe...

HAMDANI: Bibi, inakata! Kwa hiyo?

BIBI SAUMU: Kwa hiyo aliiba, mume wangu! Kafika Alhamisi, matako malengelenge matupu. Ijumaa shehe kamwambia kaa mkekani, kashindwa. Ndoa yangu kafungishwa wima—

(Vocha imekwisha.)