Faili Iliyojificha kwa Jina la Marehemu

Asifiwe Mungu aliyeniachia pumzi na akili hadi leo. Nasimama mbele yenu, mimi karani wa kanisa, nikiwa na shukrani, ila hasira bado haijaniisha.

Ndugu zangu, mnaijua kazi yangu. Kwenye kompyuta ya kanisa niliandika ubatizo wa watoto wetu, pamoja na ukoo wa baba na wa mama, ili vijana wakitaka kuoana tujue kama ni ndugu. Vitabu vya zamani vililiwa na mchwa. Nakala nyingine sikuweka, na kosa hilo ni langu.

Mnajua pia kwamba kwetu mfiwa hakataliwi. Akileta flash nimchapishie ratiba ya mazishi, naichomeka. Basi akaja mama mmoja na flash iliyotoka saiba, duka la intaneti la mjini. Nikaona faili imeandikwa "Picha ya Mzee". Nikabofya. Kumbe ilikuwa programu, imejipa jina la picha! Chai yangu haijapoa, kila jina limefungwa, na maandishi yananiamuru nilipe ndipo nifunguliwe.

Ni mtu wa namna gani anayejificha nyuma ya marehemu? Na ninyi pia mliniudhi. Mzee mmoja wenu aliniambia, "Karani, si tuliiombea hiyo mashine?" Tuliiombea, ndiyo. Hata nyumba zenu mmeziombea, na bado mnafunga kufuli!

Hatukulipa. Lakini harusi moja ilisimama, kwa sababu sikuweza kujibu kama wale wawili ni wa damu moja. Nilizunguka Kabras hadi Isecheno nikiwauliza akina nyanya, nikiandika upya jina kwa jina.

Ndipo tukampata mwalimu wa kompyuta, dada kutoka Lumakanda.

"Nilikuwa na kinga ya virusi," nikajitetea.

"Hiyo inawajua wezi wa jana, Mzee. Kwenu siku ya mahari, nani huingia kuzungumza?"

"Waliotajwa tu."

"Na matangani?"

"Yeyote."

"Basi mashine yako umeiendesha kama matanga."

Aliisafisha, akaandika orodha ya programu zinazoruhusiwa: ya kuandika, ya kuchapisha, ya kufungulia picha, na zile za mashine yenyewe. Nyingine yoyote haianzi, hata ijiite nani. Nywila ya kubadili orodha sinayo mimi, anayo mwenyekiti wa kanisa.

Mwezi uliopita mfiwa mwingine alileta flash. Nikabofya faili yenye jina la baba yake, mashine ikagoma: programu hii hairuhusiwi.

"Mzee, unamkataa baba yetu?" akafoka.

"Mama, huyu si baba yenu. Baba yenu ni huyu hapa." Nikafungua picha ya kweli iliyokuwa kando yake. Alilia, nami nikamchapishia.

Nawashukuru mwalimu yule, akina nyanya walionikumbushia majina, na wale maharusi waliosubiri bila kuninunia. Funzo langu ni hili: usihangaike kuwajua waovu wote, hutawamaliza. Wajue wako, na wengine wabaki nje.

Nawe utakayesoma maneno haya baadaye, Mungu akupe macho ya kuuona uovu kabla hujaufungulia, na awatunze wote unaowaita wako.