Mapigo Mawili

Katika tramu ya asubuhi mjini Köln, Roswitha alimsikia kijana mpiga ngoma wa okestra akimbembeleza mtunzi mzee wa muziki aliyeketi naye. "Mzee wangu, kiongozi wa okestra alipunguza mapigo mawili tu ya ngoma. Yako chini kabisa, hayasikiki. Kwani watu hawakushangilia?"

Roswitha mwenyewe alikuwa ukumbini jana muziki huo ulipopigwa, akashangilia mpaka viganja vikamuuma.

"Walishangilia rangi ya ukuta," mzee akasema. "Nyumba yenyewe ni hayo mapigo arobaini na moja."

"Sasa thelathini na tisa yana ubaya gani?"

"Binti yangu aliishi siku arobaini na moja."

"Mbona mazoezini hukutuambia?"

Tramu ikasimama. Mzee akashuka. Kijana akabaki akigonga goti lake kwa kidole, mara mbili.