Kosa la Mzinga Nililombebesha Mjukuu Wangu

Ndugu zangu, sifa ni za Mungu, na aibu ya leo ni yangu. Wengi mmezoea kuniona hapa mbele ya kanisa nikisoma matangazo. Leo sina matangazo. Kuna jambo nililolifanya, sasa ni miaka mitatu, na baadhi yenu mlikuja nyumbani kunipa pole kwa ajili yake. Pole ile sikustahili. Mnivumilie niende polepole, maana nikiharakisha nitaruka pale panapouma.

Mimi ni mtu wa Ukambani. Niliendesha lori la kiwanda kule Industrial Area mpaka nikastaafu. Mke wangu alipofariki, mwanangu alihamia kwangu na mkewe na watoto wao watatu. Vyumba viwili, sote humo. Mwanangu ni karani. Tangu tumzike mama yake alikuwa ananisalimia asubuhi na kuniaga jioni, basi. Nyumba ilijaa watu, na bado ilikuwa kimya.

Ndipo nikakumbuka nyuki. Baba yangu alikuwa mfugaji, na mimi nilianza kumfuata kwenye mizinga kabla sijaota meno ya ukubwani. Nikaomba kiwandani mbao za makasha yaliyovunjika, nikaanza kuunda mzinga pale mlangoni. Sikumwita mtu. Siku ya pili mwanangu akatoka, akasimama akaniangalia, akasema, "Baba, huu msumeno ni butu." Akauchukua kuutia makali. Ndivyo tulivyoanza kuongea tena.

Mzinga tuliuweka kwenye kichaka, kati ya nyumba za mwisho za mtaa wetu, hii estate, na mto. Mke wa mwanangu alikata pazia kuukuu akatushonea vitambaa vya kufunika uso. Kopo la mafuta ya kupikia tulilitoboa likawa la kutolea moshi. Jumamosi jioni tulitoka sote, mmoja nyuma ya mwingine, tumejifunika, na majirani wakitucheka: "Harusi ya nani leo?" Wale wadogo wawili kazi yao ilikuwa kukamua masega, na nusu ya asali iliishia kwenye vidole vyao.

Lakini aliyekuwa na mkono wa nyuki hasa ni yule mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja. Hakurusha mikono. Nyuki akitua shingoni mwake, alingoja aondoke mwenyewe. Nikampa kazi ya mwisho, ya kurudisha mfuniko na kuufunga kwa waya. Nikaweka na sheria: hakuna kwenda kwenye mzinga peke yako, hakuna kufungua mchana jua likiwa kali. Watoto waliishika ile sheria kama amri ya Musa.

Aliyeivunja ni mimi.

Ndugu zangu, nawaambia, mlinisikia hapahapa nikishuhudia kwamba pombe nimeiacha. Mlinipigia makofi. Nilikuwa nimeiacha kweli, miezi saba. Kisha nikakutana na mtu kule Majengo aliyejua kutengeneza pombe ya asali kama ile ya kwetu. Akaniambia, "Mzee, wewe lete masega tu." Nikaanza kupeleka kidogo kidogo. Kila mara nilijiambia ni ya mwisho.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, watoto wakiwa shuleni na mwanangu kazini, nilienda kwenye mzinga peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kunywa. Moshi niliouwasha ulikuwa mdogo. Nikafungua, nikavuta masega kwa nguvu, moja likavunjika likaangukia njiani. Nyuki wakachafuka. Nikakimbia na ndoo yangu kwa upande wa mto, asinione mtu, mfuniko nikauacha chini kwenye nyasi.

Kando ya njia ile palikuwa na mama mmoja jirani yetu, mtu wa upande wa magharibi ya nchi, akiuza mboga za sukuma wiki, mtoto wake mchanga yuko mgongoni. Nyuki waliwaangukia wote wawili. Alimfunika mtoto kwa leso, akamlalia kwa mwili wake, akapiga mayowe mpaka watu wakaja na moshi. Uso wa yule mtoto ulivimba hata macho hayakuonekana. Walilazwa siku tatu. Mungu alimwacha mtoto hai. Nasema alimwacha, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kumtoa.

Na mimi nilikuwa wapi? Majengo, nikinywa.

Niliporudi jioni, nyumba ilikuwa imejaa watu wenye hasira. Mwanangu alisimama katikati ya chumba. Akauliza, "Ni nani alifunga mfuniko Jumamosi?"

Mjukuu wangu akasema, "Ni mimi, baba. Lakini nilifunga. Nilikaza waya mara mbili."

"Mbona mfuniko umeokotwa chini?"

"Sijui, baba." Akanigeukia. "Babu, si uliniona nikikaza?"

Watu wote wakaniangalia, mimi mzee wa nyuki, mimi mzee wa kanisa. Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimeshika kopo la moshi karibu naye, nimemwona. Nikasema, "Sikuangalia vizuri."

Maneno mawili, ndugu zangu.

Baba yake alimchapa mbele ya watu, apate kuwaridhisha. Mimi nilikaa kwenye kiti changu. Kesho yake mjukuu wangu alipelekwa hospitali akapige magoti kwa yule mama na kuomba msamaha, na akaomba. Jioni vijana wa estate walikuja kuuchoma mzinga, na mafuta ya taa niliyatoa mimi, kwa mkono wangu, nikitikisa kichwa kama mtu aliyekosewa. Nanyi mkaja kunipa pole kwa nyuki wangu. Mmoja wenu akaomba Mungu awajalie watoto wa siku hizi uangalifu. Nikaitikia amina.

Shuleni walimpa jina: Nyuki. Akipita bombani kuteka maji, watoto walivuma kwa midomo na kukimbia. Mimi nilikuwa nayasikia hayo nikiwa dirishani. Nikazidisha kunywa.

Yalipita majuma sita hivi. Siku moja alasiri nilikuwa nimekaa peke yangu, akaja akaketi mbele yangu. Hakuwa ameketi nami tangu siku ile. Akasema, "Babu, nimefikiri sana. Labda sikukaza. Labda naona kama nilikaza kwa vile nataka iwe hivyo. Nisamehe kwa nyuki wako."

Mimi nimezika mke, nimezika watoto wawili wadogo. Sijapigwa na neno kama lile. Nilidhani nimemwibia jina lake tu. Kumbe nilikuwa nimemwibia hata macho yake, asiamini alichokiona.

Nikamwambia, "Ulikaza. Nilikuona. Mimi ndiye niliyefungua."

Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamweleza habari za Majengo na pombe. Akasema, "Mwambie baba."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi, babu."

Tukamngoja pamoja mlangoni mpaka akarudi kutoka kazini, nikamwambia kabla hajavua koti. Hakunipigia kelele. Aliutazama mkono wake wa kulia, akasema, "Nilimpiga kwa huu." Kisha akatoka nje. Mkewe aliniandalia chakula kama kawaida, akakiweka mezani, akasema, "Baba, hiki nakupa kwa sababu ni wajibu wangu. Siku nitakayokupa kwa kupenda, utajua."

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama wa sukuma wiki, nikamwambia mbele ya wateja wake. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mzee, yule mtoto alinipigia magoti. Wewe je?" Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi. Akaniacha hapo mpaka alipomaliza kumfungia mteja mboga. Kisha akasema, "Inuka, unanizuilia watu. Kama kweli unatubu, nenda ukawaambie hao watoto wanaomwita Nyuki." Nikaenda bombani, wakati watoto ni wengi, nikawaambia ni babu mlevi aliyefungua mzinga, si yeye. Walinicheka. Jina lile likahamia kwangu, nami nimelipokea.

Namshukuru yule mama, maana angeweza kunipeleka polisi. Namshukuru mke wa mwanangu. Ilichukua miezi minane, lakini siku ile niliijua, hata kabla sijaonja. Namshukuru ndugu mmoja aliye humu ndani, ambaye kila Alhamisi anakuja nyumbani mchana tukae naye tu, miguu isinipeleke Majengo.

Nyuki tunao tena. Aliyewataka si mimi, ni mjukuu wangu. Mizinga iko shambani kwa rafiki upande wa Njiru, mbali na nyumba za watu, na tunakwenda kila mwisho wa mwezi, hata wale wadogo. Yeye ndiye anayesema nani afungue na lini. Mimi nabeba maji. Akimaliza kufunga humwita baba yake aje ashuhudie. Mimi haniiti, na ni haki yake.

Wazazi wenzangu, na nyinyi mababu na nyanya: kumfundisha mtoto kazi ya mikono yako ni jambo zuri sana. Lakini ukimshirikisha kazi, usimshirikishe kosa lako. Mtoto hana nguvu za kulirudisha kwako. Atalibeba mpaka aamini ni lake.

Yuko pale nyuma, karibu na mlango. Kabla sijaja hapa nilimwomba ruhusa, kwa kuwa hadithi hii ni yake kuliko yangu. Alinijibu, "Sema, babu. Lakini usiwaambie kwamba nimekwisha kukusamehe. Waambie ninaendelea."

Basi, ndugu zangu, nawaambia kama nilivyotumwa. Anaendelea.