Nyongeza ya Mnunuzi wa Jina

Kigari kinachoning'inia kwenye waya kilipoondoka kituo cha El Alto kuteremka mlimani, tulikuwa watatu ndani. Mama muuza viazi alikuwa akimsimulia kijana wa pembeni, aina ya watu wenye jibu kabla ya swali, jinsi alivyouza jina la tovuti ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa kushona suti.

"Mnunuzi alianza na bei ya kutupa. Nikakaza, akapanda mara tatu."

"Mama, wewe kiboko! Sasa unalia nini?"

"Mwishoni akaomba nyongeza. Na mimi sijawahi kumnyima mteja nyongeza, hata kiazi kimoja. Nikampa na anwani ya barua pepe ya Severino wangu."

"Ya marehemu? Ilikuwa na faida gani?"

"Kila Jumapili nilikuwa namwandikia huko. Mjukuu kaota jino, paa linavuja. Jumapili iliyopita nikasahau kuwa nimeshaitoa, nikaandika tena. Nikajibiwa: 'Asante, mteja wetu. Tutakuhudumia hivi karibuni.'"

Mimi nikajifanya natazama mlima.

"Si urudi ukaidai?" kijana akauliza, sauti imemshuka.

"Nyongeza hairudishwi, mwanangu."

Milango ikafunguka. Mama akajifunga shali, simu bado mkononi.

"Na leo ni Jumapili," akasema, akashuka.