Kadi ya Fundi Cherehani

Marehemu, ambaye karibu mji mzima ulimwita Dada Kimya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa karani wa stoo na muuguzi. Miaka minane baadaye alipata mdogo wake wa pekee, ndiye anayewasomea wasifu huu. Mama yao alipokuwa zamu, Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kusoma kwa maandishi ya kwenye maboksi ya sabuni. Neno la kwanza ambalo mdogo wake alilisoma maishani ni "Usilowanishe".

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kiwanda kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968. Siku moja aliitwa ofisini kuadhibiwa kwa kuchelewa. Mwalimu mkuu akatoka kidogo kupokea mgeni, na aliporudi akakuta mafaili yake yote yamepangwa kwa herufi, vumbi limefutwa, na mkosaji amesimama pembeni anasubiri kiboko. Adhabu ikafutwa. Mwaka uliofuata mwalimu huyohuyo alimwandikia barua ya kumwombea nafasi kwenye mafunzo ya ukutubi, akahitimu Novemba 1970.

Alianza kazi tarehe 4 Januari 1971 katika maktaba ya mji, ghorofa ya kwanza, juu ya ofisi ya maji, na hapo ndipo alipodumu miaka thelathini na mitano. Wakati huo kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya jalada la nyuma. Mtu akiazima, jina lake liliandikwa kwenye kadi, na kadi ikabaki kwenye droo hadi kitabu kirudi. Dada aliandika kwa wino, na mwandiko wake ulinyooka utadhani umechapwa. Jina la Dada Kimya alilipata kwa sababu ya rula yake. Ukiongea hakukujibu, alikuonyesha tu bango la "Kimya" kwa ncha ya rula, hata ungekuwa diwani.

Tarehe 22 Agosti 1976 alifunga ndoa na dereva wa gari la maktaba lililopeleka vitabu mashuleni. Shemeji amekiri mwenyewe kwamba alikuwa akichelewesha vitabu makusudi ili agombezwe naye. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Walio na ratiba mkononi wataona kwamba baada ya hapo inafuata aya ya ugonjwa. Kuna jambo limerukwa. Aliyeliruka ni mdogo wake, na asubuhi ya leo ameliandika kwa kalamu, jikoni kwa marehemu, chai ikimpoa. Binti wa marehemu alisoma juu ya bega lake.

"Mjomba, hayo yaache," alimwambia. "Watu wamekuja kuzika, hawakuja kusikiliza kesi."

"Kesi yenyewe haikuwahi kusikilizwa, mwanangu," alimjibu. "Ndiyo maana."

Mwanzoni mwa mwaka 1979 alianza kufika maktaba mtu mmoja mpole, mwenye shati jeupe na daftari. Alikuja kila Ijumaa, kwa hiyo wafanyakazi wakamwita Bwana Ijumaa. Alionyesha kitambulisho cha serikali, akasema anakusanya takwimu za usomaji. Dada alifurahi. Kwa miaka minane hakuna aliyewahi kuuliza kadi zake zina nini, na huyu alizipitia moja moja akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, kazi yako ni safi sana," alimwambia. "Ila naomba kitu kidogo. Hizi umezipanga kwa vitabu. Huwezi kunitengenezea orodha nyingine, kwa wasomaji? Yaani nikishika jina la mtu, nione kila alichosoma."

Dada aliifanya kazi hiyo wiki mbili, nyingine akaibeba nyumbani. Alijiona amefika. Alimwonyesha mdogo wake droo mpya kwa fahari, na mdogo wake, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa chuo cha ualimu akijifanya anajua siasa, alisema tu, "Umezipanga vizuri." Hakuna kati yao aliyejiuliza serikali ina haja gani na usiku wa mtu na kitabu chake.

Mwaka huohuo wanachuo waligoma, na amri ikaja wafutiwe kadi za maktaba wote. Mdogo wake akaja kulalamika. Dada hakuweza kumnyima kitabu mtoto aliyemlea mgongoni. Akaanza kumwazima kwa jina la mwanachama ambaye hakuwa akija: fundi cherehani wa kibanda cha kona, aliyejiunga ili aone majarida ya mitindo ya kola, akaazima mara mbili, akaacha. Kwa jina lake mdogo wake alisoma vitabu sita. Cha mwisho kilikuwa chembamba, chenye jalada la kijani, kinachoeleza haki za raia anapokamatwa. Hakikuwa kimepigwa marufuku. Kilikuwa kwenye rafu ya wazi, na muhuri wa serikali ndani.

Jumanne tarehe 6 Novemba 1979 fundi alichukuliwa kibandani, hana hili wala lile, futikamba ikiwa bado shingoni. Walimuuliza nani anamfundisha mambo ya haki. Akasema yeye anajua mifuko na kola. Wakaona huyu ni mjanja kweli. Walimkalisha ndani hadi tarehe 3 Oktoba 1980, miezi kumi na moja, bila kumfikisha mbele ya hakimu hata mara moja. Alirudi jicho la kushoto likiwa halioni vizuri, na tangu hapo mke wake ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano.

Jioni ya Jumanne ile Dada alimfuata mdogo wake bwenini.

"Nikaseme," alimwambia. "Niseme kalamu ni yangu."

"Ukisema kalamu ni yako, watauliza msomaji ni nani," mdogo wake alimjibu.

Dada aliurudisha mlango taratibu. Kisha akasema, "Basi nyamaza." Wakanyamaza wote wawili. Ijumaa iliyofuata Dada alimfungulia Bwana Ijumaa droo kama kawaida, na mdogo wake akaendelea na masomo, akahitimu, akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu, akawafundisha watoto wa watu ukweli na ujasiri. Aibu hiyo anayo hadi leo.

Kwa miaka arobaini na minne Dada hakushonesha nguo kwa fundi mwingine. Zilipokosa pa kushonwa, alizifumua pindo kwa wembe nyumbani, apate sababu ya kwenda. Fundi alikuwa akimtania, "Dada Kimya, nguo zako hizi zinafumuka utadhani zimegombana." Dada alicheka, akarudi nyumbani na nguo iliyoshonwa, na neno lake akiwa nalo moyoni. Roho ilimsuta hivyo, pindo kwa pindo.

Aligunduliwa na maradhi ya moyo Februari 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara tatu. Septemba mwaka huu alirudishwa nyumbani, chumba cha nyuma chenye dirisha la uani. Hapo alimtuma mdogo wake akamwite fundi. Alimtuma mara tatu.

Mara ya kwanza mdogo wake alisema atakwenda kesho. Mara ya pili aliishia kona, akageuka. Mara ya tatu, Jumatatu tarehe 7 Oktoba, aliingia kibandani.

"Karibu, mwalimu mkuu," fundi alisema. "Dada anaendeleaje? Nije nimwone?"

"Amechoka kidogo," alijibu. "Subiri kwanza." Kisha, kwa kuwa ilibidi aseme amefuata nini, akavuta suruali kutoka mfukoni mwa begi akaomba ipunguzwe.

Dada alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiuliza kama fundi amefika.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Ameacha pia fundi cherehani, yule pale mstari wa tatu, ambaye jina lake liliandikwa kwenye kadi kwa mkono wa Dada na ambaye hakuwahi kukifungua kitabu kile cha kijani. Aliyekisoma, mwanzo hadi mwisho, ni huyu aliyesimama mbele yenu, amevaa suruali ambayo fundi aliipunguza Jumatatu.

Hakuna aliyemwuliza fundi neno lake mwaka 1979. Basi kabla jeneza halijashushwa, nafasi ni yake, mbele ya watu wote, aseme atakalo na kwa muda atakao. Akimaliza, ndipo tumlaze Dada, apumzike kwa amani.